Namna ya kumsoma mchezaji wa besiboli aliyewaka msimu mmoja tu

Wadau nimeona niandike hii maana swali linarudi rudi. Mtu anaangalia takwimu za besiboli anakuta jamaa kapiga balaa mwaka mmoja, alafu kabla ya hapo na baada ya hapo ni mtu wa kawaida kabisa, anabaki anajiuliza hapa ilikuaje, alibahatisha, aliiba, aliumia au nini. Majibu yapo na unaweza kuyatafuta mwenyewe kwa simu na kalamu, wala hauhitaji kua mkali wa hesabu, mi mwenyewe hesabu ya form four nilipata D na nimeweza.

Nilivyoingia kwenye haya mambo ni hivi. Nafanya shifti za usiku kwenye ghala moja huku Marekani na wenzangu karibu wote ni watu wa besiboli, sisi kwetu mchezo wenyewe haupo sana, labda Uganda ndo wamejitahidi maana 2012 watoto wa Lugazi walifika mpaka mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport. Mwaka wangu wa pili wakanivuta kwenye ile michezo ya kuunda timu ya kwenye karatasi, kila mtu anachagua wachezaji wake na namba zao za kweli zinakua pointi zako. Mi nikaangalia msimu uliopita nani kaua, nikambeba huyo huyo wa kwanza kabisa, nikajiona mjanja. Ndugu zangu, yule jamaa alinitesa kuanzia Aprili mpaka Septemba. Nikamaliza mkiani, na adhabu ya mkiani ni kuwanunulia donati watu wote kila Ijumaa kwa mwezi mzima. Hapo ndo akili ikanikaa sawa.

Kama wewe ni mtu wa mpira wa miguu basi kumbuka Michu wa Swansea, 2012/13, katokea Uhispania kwa bei ya kutupa, akafunga magoli 18 ya ligi, alafu kifundo cha mguu kikamsumbua na habari zake zikaishia hapo. Besiboli ina akina Michu kibao, ila uzuri wake kila kitu kimeandikwa, kila mpira uliopigwa tangu enzi za babu zetu, kwahiyo unaweza kufukua mpaka ukajua kilichotokea.

Maneno machache kwanza ili tusipotezane. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana rungu (nimekwepa kusema gongo, mnajua kwanini). Akipiga mpira akafika besi (vituo vya kukimbilia) salama hiyo ni hiti. Akiupiga ukavuka uzio hewani hiyo ni homurani, anazunguka besi zote anarudi nyumbani anapiga makofi. Akishindwa kabisa akala straiki tatu anarudi kukaa, na huko mbele nikiandika straiki 85 maana yake katolewa hivyo mara 85. Wastani wa kupiga ni hiti gawa kwa mara alizopiga, unaandikwa .250 au .300, na .300 kwa msimu mzima ni mtu wa maana. Msimu una mechi 162, zamani zilikua 154. Basi, yanatosha.

Sasa fungua ukurasa wa mchezaji kwenye tovuti ya Baseball-Reference, ni bure, utaona jedwali kila mwaka na mstari wake. Kitu cha kwanza kabisa, funika ule msimu mkubwa kwa kidole gumba. Nasema kweli, weka kidole kwenye skrini. Chukua Brady Anderson wa Baltimore Orioles, nenda safu ya HR (homurani), funika 1996 alafu soma kutoka juu kuja chini: 1992 kapiga homurani 21, kisha 13, kisha 12, kisha 16, ruka kidole, 18, 18, 24, 19. Ukisoma hivyo unamuona mtu mmoja, mpigaji wa homurani 20 akiwa vizuri, anayefungua mechi kwa timu yake, ana mbio, basi. Sasa toa kidole. 50! Hamna mwaka mwingine aliowahi kufika 25. Mwezi wa nne mwaka ule alifungua mechi nne mfululizo kwa homurani, yaani watu hawajakaa vizuri kwenye viti mpira ushatoka nje, siku nne zinafuatana.

Kidole kinakusaidia kwa sababu jicho la binadamu likishaona 50 linaanza kuzitafsiri zile 21 na 24 kama "alikua karibu". Hakua karibu. Na kama baada ya kufunika bado unaona mtu mkubwa, basi huyo sio wa msimu mmoja. Mfano Roger Maris, watu wanapenda kumuweka kwenye hili kundi kwa sababu ya zile homurani 61 za 1961, ila mwaka uliotangulia alipiga 39 na akawa mchezaji bora wa ligi, na uliofuata 33. Mkiri tu kwamba alikua mkali.

Ukishajua ni kweli msimu mmoja, usikimbilie kusema bahati. Bahati ina mahali pake pa kujificha na unaweza kupapima. Hapa ndo pazuri kuliko pote, nisomeni taratibu.

Pale kazini kuna mzee mmoja mtu wa Detroit, kila akinywa kahawa lazima amtaje Norm Cash. Cash mwaka 1961 akiwa na Detroit Tigers alipiga .361, homurani 41, akaongoza ligi kwa wastani. Mwaka uliofuata .243. Hamna bingwa wa kupiga aliyewahi kuporomoka hivyo mwaka mmoja hadi mwingine, na mpaka anastaafu hakuigusa .300 tena. Mzee anasema sababu ni rungu, maana Cash mwenyewe baadae alikiri alikua anatumia rungu lililotobolewa ndani likajazwa lile gamba laini linalozibia chupa za mvinyo, ili liwe jepesi.

Mi nikachukua karatasi. Mpigaji mambo mawili ni yake mwenyewe, homurani (ukishavuka uzio hamna wa kuudaka) na kula straiki (hapo hata mpira hukuugusa). Yaliyobaki yote, mipira iliyobaki ndani ya uwanja, inategemea na wale jamaa tisa wamesimama wapi, upepo, jani limekatwaje, mpira umedondoka nusu mita mbele ya glovu au ndani ya glovu. Kwahiyo toa homurani na straiki, angalia iliyobaki ndani iliangukaje. Fomula ni hii: hiti toa homurani, gawa kwa mara alizopiga toa straiki toa homurani.

Cash 1961: hiti 193, mara 535, straiki 85, homurani 41. Juu unapata 152, chini unapata 409. 152 gawa kwa 409 ni .372. Siku hizi ligi nzima huwa inacheza kwenye .300 hivi, kwahiyo jamaa mipira yake ilikua inaanguka patupu mwaka mzima.

Cash 1962: hiti 123, mara 507, straiki 82, homurani 39. Juu 84, chini 386. Inakuja .218. Yaani ule mlango uliokua wazi ukafungwa na kufuli.

Sasa ona homurani. 41 alafu 39. Straiki 85 alafu 82. Mtu ni yule yule! Ukimpa ile .300 ya kawaida miaka yote miwili, ukarudishia homurani zake, 1961 anapata kama .306 na 1962 anapata kama .305. Nilivyopata hizo namba nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kilichotenganisha msimu wa maajabu na msimu wa aibu ni hiti 70, na msimu una wiki kama 26, kwahiyo ni chini ya hiti tatu kwa wiki, vimpira vidogo vya kubonda vinavyopita katikati ya watu wawili au visipite.

Angalizo hapo, hiyo .300 sio sheria ya Mungu. Kuna wapigaji wenye mbio au wanaopiga mpira mkali ulionyooka ambao wanakaa juu yake maisha yao yote, na Cash hakua wa namna hiyo, kwahiyo usimpime mtu kwa .300 tu, mpime kwa miaka yake mwenyewe pia. Alafu tusimuonee, 1961 kweli alikua bora zaidi kidogo, mara 124 alipewa besi ya bure kwa warushaji kumkwepa, mwaka uliofuata 104. Na kuhusu lile rungu, wanafizikia wameshapima, rungu lililojazwa hivyo halipeleki mpira mbali zaidi, unalizungusha haraka ndio lakini halina uzito wa kuusukuma mpira, faida moja inakula nyingine. Mzee hataki kusikia.

Sasa ukishajifunza hii utaanza kuona kila msimu mkubwa ni bahati ya mipira kuanguka. Jaribu kwa Anderson uone. 1996: hiti 172, mara 579, straiki 106, homurani 50. Juu 122, chini 423, inakuja .288. Chini ya kawaida! Kwahiyo yeye mipira ya ndani wala haikumbeba, kilichopanda ni kimoja tu, ile ya kuvuka uzio. Kila mchezaji ana mlango wake ulioachwa wazi na kazi yako ni kuujua ni upi, ukiwachanganya wote kwenye neno moja "bahati" hujasoma kitu.

Ukikuta homurani ndo zimepanda, angalia mwaka wenyewe kwanza kabla ya mtu. 1996 mipira ilikua inatoka nje kila mahali. Orioles kama timu walipiga homurani 257, rekodi ya Yankees ya 240 ilidumu tangu 1961, na mwaka huo huo Seattle na Oakland nao wakaipita. Mafuriko yakija kila mtumbwi unapanda, ila sio kila mtumbwi unapanda kutoka 16 mpaka 50, kwahiyo hiyo inaeleza sehemu tu. 1987 pia ulikua mwaka wa namna hiyo, hata Wade Boggs, fundi wa kuweka mpira mdogo mdogo pale anapotaka, alipiga homurani 24, mwaka uliofuata 5, na maisha yake yote hakuwahi kuvuka 11 tena. Kwa warushaji geuza, 1968 ulikua mwaka wao, kwenye ligi moja kati ya zile mbili za ligi kuu bingwa wa kupiga alikua na .301 tu, mpaka wakubwa wakaamua kushusha kile kilima anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 mpaka 10. Njia fupi ni safu ya OPS+ kwenye jedwali, hiyo inamlinganisha mtu na ligi ya mwaka wake na uwanja wake, 100 ni wa kawaida.

Uwanja nao. Davey Johnson, beki wa besi ya pili, 1972 akiwa Baltimore alipiga homurani 5. Akahamishwa Atlanta, 1973 akapiga 43. Uwanja wa Atlanta ulikua ndo wenye mwinuko mkubwa kuliko vyote kwenye ligi kuu enzi hizo, mpira unaruka, na timu ile ikawa ya kwanza kua na watu watatu wenye homurani 40 au zaidi msimu mmoja: Johnson 43, Darrell Evans 41 na Hank Aaron 40, Aaron ana miaka 39 huyo. Watu wanasema uwanja, wanafunga mjadala. Mi nauliza swali la kijinga tu, 1974 Johnson alicheza wapi? Hapo hapo Atlanta. Alipiga 15. Uwanja haukuhama! Kwahiyo kabla hujalaumu uwanja angalia kama mtu alibaki pale pale mwaka uliofuata, ni hatua ya sekunde mbili na inaua nusu ya hoja za watu.

Mpaka hapa tumeongelea wapigaji. Mrushaji msome tofauti, na ukitaka kujifunza kwa mtu mmoja basi awe Mark Fidrych, Detroit tena, 1976. Alikua na miaka 21, nywele timtim za njano, wakampa jina la Ndege kwa sababu alifanana na yule ndege mkubwa wa kipindi cha watoto kwenye runinga. Jamaa alikua anaongea na mpira. Anapiga magoti kwenye kilima anasawazisha udongo kwa mikono yake kama mtu anayepanda mchicha. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikua mwezi wa tano, Cleveland hawakupata hiti hata moja kwa inningi sita (inningi ni raundi, mechi ina 9), akashinda 2 kwa 1. Mwezi wa sita akawafunga Yankees 5 kwa 1 nchi nzima inaangalia, mashabiki wakagoma kutoka uwanjani mpaka arudi kuwapungia. Akamaliza na ushindi 19 na kupoteza 9, na alama alizoruhusu kwa kila inningi 9 ni 2.34, namba bora ya ligi yao. Chipukizi Bora wa Mwaka.

Ukimuweka mezani ukamsoma unaona alama mbili za kuogopesha. Ya kwanza, alilisha watu straiki 97 tu kwenye inningi 250, ambayo ni kama tatu na nusu kwa kila inningi 9. Hiyo ni ndogo. Maana yake mipira karibu yote ilikua inapigwa na kubaki ndani ya uwanja, na mrushaji hana mamlaka makubwa kwa mpira ukishapigwa, anawategemea wenzake nyuma. Mrushaji anayewaka bila straiki muogope, anaweza akawa fundi kweli wa kuweka mpira chini (Fidrych alikua anaweka chini na hakua anagawa besi za bure) lakini nafasi yake ya kukosea ni finyu sana.

Ya pili ndo iliyommaliza. Alianza mechi 29, na 24 kati ya hizo alizimaliza mwenyewe mwanzo mwisho, zingine zikavuka inningi 9, na hakuanza hata mwanzo wa msimu. Mtoto wa miaka 21. Machi 1977 kwenye mazoezi ya kabla ya msimu akaumia goti akidaka mipira kwa kujifurahisha tu, akarudi, mwezi wa saba mkono ukafa. Kuanzia 1978 mpaka 1980 alionekana kwa kudonoa, mechi chache chache, ukawa mwisho. Mpaka 1985, miaka kadhaa baada ya kutupwa, ndo daktari akagundua misuli ya bega ilikua imechanika muda wote. Ushindi wake wote wa maisha ni 29 na 19 ni za mwaka mmoja. Kwahiyo huyu sio wa bahati, ni wa kuvunjika, na ukimsoma kwa fomula ya Cash unamkosea heshima. Ukiona mrushaji mdogo kaongezewa inningi ghafla, soma mwaka unaofuata kwa wasiwasi. Wapigaji pia wapo, Joe Charboneau wa Cleveland, Chipukizi Bora 1980 na homurani 23, mwaka uliofuata akaumia mgongo akijirusha kichwa mbele kwenye besi, akaishia na homurani 29 maisha yote.

Sasa najua mnachosubiri. Dawa za kuongeza nguvu. Hapa nawaomba muwe na adabu. Ken Caminiti, mchezaji bora wa ligi yake 1996, homurani 40, mwenyewe alisema hadharani 2002 kwamba alitumia, huyo muandike kwa wino. Anderson hakutajwa kwenye ripoti ya Mitchell ya 2007, ule uchunguzi wa dawa kwenye besiboli, na amekataa siku zote. Kupima kwa adhabu hakukuwepo mpaka 2004 kwahiyo hamna karatasi ya kumsafisha wala ya kumfunga. Mi swali langu ni lile lile la uwanja, kama dawa zilimtoa 16 zikampeleka 50, mwaka uliofuata aliziacha kwa sababu gani, zilikua chungu? Sisemi najua. Nasema ukimuita mtu mwizi kwa sababu ya safu moja ya jedwali basi na Cash muite mwizi wa vimpira vinavyoanguka.

Kosa lingine ambalo nimelifanya mara mbili ni kumzika mtu mapema. Adrián Beltré, Dodgers, 2004, homurani 48, na ulikua mwaka wake wa mwisho wa mkataba. Akasaini Seattle kwa dola milioni 64 miaka mitano, msimu wa kwanza huko homurani 19, kila mtu akasema huyo hapo, katuibia. Na kweli 48 hakuzifikia tena, kubwa yake nyingine ilikua 36. Ila alicheza mpaka 2018, hiti 3,166, homurani 477, 2024 wakamuingiza kwenye Ukumbi wa Umaarufu. Kwahiyo angalia na umri, Beltré 2004 alikua na miaka 25 na mwili bado unapanda, Anderson 1996 alikua na 32. Mtu wa 25 akiwaka mpe miaka mitatu kabla hujatoa hukumu.

Kwenye timu yangu ya karatasi siku hizi nafanya hivi: nafunika kwa kidole, naandika namba ya mwaka mkubwa na wastani wa miaka mitatu ya kabla, nachukua katikati yake, hiyo ndo naitegemea mwaka ujao. Ni mahesabu ya kienyeji lakini donati sijanunua tena, msimu uliopita nilimaliza wa nne kati ya kumi na mbili.

Mzee wa Detroit bado anasema ni rungu. Wiki iliyopita nikamwandikia zile mbili, 152 kwa 409 na 84 kwa 386, nyuma ya risiti ya kahawa, nikampa. Akavaa miwani, akaisoma, akaikunja akaweka mfuko wa shati. Mpaka leo hajanijibu.